Miaka 12 napokea vijana wa kujitolea nyumbani kwangu Marangu: wenyeji tuzungumze

#1 Mleta uzi, Marangu

Wanajukwaa, salaam. Wakubwa zangu shikamooni.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mama na bibi, naishi Marangu chini ya Mlima Kilimanjaro. Kwa miaka 12 nyumba yangu imelaza vijana 31 wa kujitolea kutoka ng'ambo: Wajerumani, Wamarekani, watu wa Denmark, na Wajapani wawili. Aliyekaa muda mfupi kuliko wote alikaa siku 12. Aliyekaa muda mrefu alikaa miezi 11.

Naandika kwa sababu wao wana mahali pengi pa kuambizana habari zetu: waende wapi, watakula nini, familia ipi nzuri, wavae nini. Sisi tunaowapokea hatuna pa kukutania. Kila nyumba inajifunza peke yake, kwa makosa yale yale. Basi nimeona nifungue uzi kwa ajili yetu: familia zinazolaza wageni, walimu, wauguzi, wachungaji, viongozi wa vijiji, na hata ndugu zetu mlioko nje ambao watoto wenu wanataka kuja.

Nianze na kosa langu mwenyewe.

Mgeni wangu wa kwanza alikuwa kijana wa Kijerumani wa miaka 19. Alifika katikati ya Juni akiwa ameahidiwa kufundisha Kiingereza. Mwezi wa sita shule zetu zimefungwa. Huko alikotoka hakuna aliyemwambia, na huku hakuna aliyeulizwa. Akakaa. Nilimchinjia kuku, nikamtandikia chumba cha mwanangu aliyeko Dar. Akitaka kuosha sahani namnyang'anya. Akishika ufagio, wajukuu wanaukimbilia. Niliamini huo ndio ukarimu, nami nilikuwa namfanyia kwa moyo wote.

Wiki ya tatu nikamkuta amekaa kwenye kizingiti cha jiko, macho mekundu. Nikadhani malaria. Akaniambia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Mama, hapa mimi sina kazi."

Jumamosi ile kulikuwa na msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Mvua za masika zilikuwa zimeporomosha udongo ndani ya mfongo, na zamu yetu ya maji ikawa haifiki. Kwa msiojua, mfongo ni mfereji unaoyachukua maji mtoni huko juu na kuyashusha mpaka vihambani kwetu, yaani kwenye mashamba yetu ya nyumbani. Mingine ilichimbwa na mababu kabla Mjerumani hajakanyaga hapa. Una kamati yake na zamu zake, na asiyetoka kuufanyia kazi hana neno siku ya kugawa maji. Nikampa yule kijana jembe la marehemu mume wangu na mabuti yake ya mvua. Mume wangu alikuwa mrefu, yakamtosha.

Walipanda saa moja asubuhi, wakarudi saa tisa. Matope mpaka kwenye nyusi, viganja vimechubuka, anacheka. Wazee walikuwa wamemkalisha kati yao na kumpitishia kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, kama wanavyopitishiana wenyewe. Kuanzia siku ile hakuna mtu wa kitongoji chetu aliyemwita mzungu tena. Walimwita kwa jina lake. Akipita njiani wanamsimamisha, wanamuuliza habari za viganja.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliitumia methali hiyo mwaka 1962 alipokuwa akieleza maana ya ujamaa, akaongeza kwamba aghalabu mgeni mwenyewe ndiye aliyeliomba jembe kabla hajapewa. Mimi niliifundisha darasani miaka yote. Nyumbani kwangu sikuitumia mpaka mgeni alipolia.

Na kujitolea huku hakukuanza jana. Tanganyika ilikuwa kati ya nchi za kwanza kupokea vijana wa Peace Corps, mpango wa kujitolea wa Marekani, mwaka 1961, mwaka ule ule wa uhuru. Waliondoka 1969 wakarudi 1979. Wajapani wa JOCV, mpango wao wa kujitolea, walianza kuja 1967. Hao walikuja kwa miaka miwili, na kabla ya kupelekwa kituoni waliketi kujifunza Kiswahili. Wapo wazee wa hapa waliofundishwa hesabu nao, na mpaka leo wanawataja. Sasa anakuja mtu kwa wiki mbili. Moyo mwema anao, sitaki kumsingizia. Lakini anaondoka siku ile ile anayoanza kuelewa watu wanamwambia nini.

Yule wa miezi 11 alikuwa binti wa Denmark. Miezi mitatu ya mwanzo sikumpa kazi yoyote ya shule. Nilimkabidhi kwa mkwe wangu jikoni: Kiswahili na ndizi, basi. Alijua mtori unataka ndizi gani na machalari yanataka zipi. Alijifunza kukata majani ya ng'ombe na kujitwika. Mwezi wa saba wa kukaa kwake, jirani yetu akafiwa na mama yake. Kwetu msiba ni wa kitongoji kizima, na usiku wa kuamkia mazishi wanawake hukaa nyuma ya nyumba wakimenya ndizi za watu watakaokuja. Ni mikungu kwa mikungu. Nilimwacha amelala. Saa tano usiku nikamwona anakuja na kisu chake mkononi, amejifunga khanga. Akapaka mafuta viganjani kuzuia utomvu, akaketi kwenye gunia kati ya bibi wawili, akamenya mpaka alfajiri. Hakupiga picha. Hakuuliza maswali. Wimbo ukianza anaitikia palipo na maneno anayoyajua.

Alipoagwa miezi minne baadaye, wa kwanza kufika na mkungu kichwani kwa ajili ya karamu alikuwa yule jirani aliyefiwa.

Ninalolisema mimi ni hili: mgeni wa kujitolea anafaa akikaa, akajua lugha, akatumwa na wenyeji. Na kumtuma ni juu yetu. Tukinyamaza kwa heshima, atatumwa na watu walioko mbali wasioujua mwezi wa sita wetu. Mwenye swali aulize. Mwenye la kunipinga alilete pia.

---

#2 Mchangiaji, Moshi mjini

Shikamoo mwalimu. Asante kwa uzi huu. Mama yangu naye analaza wageni Kibosho. Swali langu ni la pesa, maana nyumbani halizungumzwi. Wageni wanasema wamelipa fedha nyingi sana kuja. Sisi tunachokiona ni kidogo. Wewe ulifanyaje?

---

#3 Mchangiaji, mwalimu wa Arusha

Mwalimu mwenzangu, shikamoo.

Nafundisha Kiingereza darasa la nne, watoto 74. Kuna mwaka mmoja tuliletewa watu wa kujitolea sita kwa zamu, kila mmoja wiki tatu. Kila aliyekuja alianza na rangi, wanyama, na siku za wiki, kwa sababu hakujua aliyetangulia alifika wapi na mimi sikuulizwa. Watoto wangu walizijua rangi kwa Kiingereza mara sita. Kitenzi cha wakati uliopita hawakukifikia mwaka mzima. Nilikuwa nakaa nyuma ya darasa langu mwenyewe nikisahihisha madaftari huku roho inaniuma.

Wa saba alikuwa mwalimu kweli, mama wa makamo kutoka Uingereza, mstaafu kama wewe. Siku ya kwanza alikataa kushika chaki. Akasema, "Nitakaa niangalie unavyofundisha, halafu uniambie nikusaidie wapi." Nilimwambia: matamshi yangu, na vitabu vya kusoma. Tukakaa miezi miwili, saa kumi jioni kila siku, walimu watano na yeye, tunasoma kwa sauti. Yeye ameondoka, matamshi yamebaki. Watoto wanaokuja miaka hii wote wanayapata kwangu.

---

#4 Mleta uzi

Mwalimu wa Arusha, marahaba, na ulichoandika nitakichapa nikibandike ofisini kwa mwalimu mkuu wa hapa. Fundisha mwalimu, naye atafundisha watoto. Mimi pia darasani kwetu sasa namkubali mgeni kwa sharti moja: awe msaidizi wa mwalimu aliyepo, na kuwe na daftari la makabidhiano. Aliyeondoka anaandika alipofika, anayekuja anaanzia hapo.

Kijana wa Moshi, marahaba. La pesa nalisema wazi. Kampuni ya kwanza niliyofanya nayo kazi ilinipa shilingi 12,000 kwa siku, kulaza na milo mitatu. Niliridhika, kwa sababu sikuwa na cha kulinganisha. Siku moja binti mmoja akaniuliza mezani kama fedha alizolipa zinatutosha sisi na shule. Tukachukua daftari la mjukuu tukaanza kuhesabu. Katika kila kumi alizotoa, mimi nilifikiwa na moja na kidogo. Shule haikufikiwa na kitu, na yeye alikuwa ameandikiwa kwamba sehemu kubwa inakwenda shuleni. Alilia kwa hasira. Mimi nilikosa usingizi.

Sikuendelea nao. Sasa tuko familia tisa, tumekaa, tukapanga bei moja na kuiandika: chakula kiasi hiki, maji na umeme kiasi hiki, mwenye nyumba kiasi hiki, mfuko wa shule kiasi hiki. Mgeni anauona mchanganuo wote kabla hajapanda ndege, na mwisho wa mwezi mhasibu wa mfuko anasoma mapato mbele ya kamati ya shule. Mwambie mama asione haya kuuliza. Kuuliza bei si kumfukuza mgeni.

---

#5 Mchangiaji, Kilifi

Mama shikamoo, na salamu kwa wote. Naandika kutoka Kilifi, Kenya. Kazi yangu ni ustawi wa jamii na ningependa tuliguse jambo la makao ya watoto, maana huko ndiko wageni wengi wanapopelekwa pwani yetu.

Watoto wengi ninaowakuta kwenye makao hayo si mayatima. Mama yupo, au nyanya, yaani bibi, yupo kijijini. Kilichokosekana ni chakula, karo na sare. Makao yakisikia kuna wageni wanaolipa ili wakae na watoto, mtoto anageuka kuwa sababu ya pesa kuingia, na hapo hakuna anayeharakisha kumrudisha kwao. Serikali ya Kenya ilisimamisha usajili wa makao mapya mwaka 2017. Sheria ya Watoto ya 2022 imekuja, pamoja na mkakati wa miaka kumi, 2022 hadi 2032, wa kuwarudisha watoto kwenye familia.

Nitawaambia ninachokiona mimi. Gari linasimama, mgeni anashuka, mtoto wa miaka minne anamkimbilia na kumkumbatia miguuni, mtu ambaye hajawahi kumwona. Mgeni anasema, tazama upendo wa mtoto huyu. Mimi naona mtoto aliyezoea watu kuja na kuondoka mpaka ameacha kuchagua. Mtoto aliyelelewa na mamake hujificha nyuma ya leso, yaani kanga ya mamake, kwanza, akachungulia.

Mwenye pesa na moyo akitaka kumsaidia mtoto huyo, amsaidie nyanya yake anunue mbuzi wa maziwa na sare. Mtoto alale kwao.

---

#6 Mchangiaji, aliyekaa Ujerumani

Mama shikamoo. Wakuu habari.

Mimi ni upande wa pili wa habari hii. Nilizaliwa Same, na nimewahi kuwa mgeni wa kujitolea Ujerumani mwaka mzima. Mpango unaitwa weltwärts, ni wa serikali yao. Ulianza 2008 kuleta vijana wao huku, na tangu 2013 unawapeleka na wa kwetu kule. Wengi hawajui kwamba njia hiyo ina pande mbili.

Nilipangiwa chekechea. Kabla sijasogea karibu na mtoto nilitakiwa cheti cha polisi, mafunzo ya lugha, na mtu maalumu wa kunisimamia. Majuma ya mwanzo sikuachwa peke yangu na watoto hata dakika tano. Sikukasirika. Niliona ni watu wanaopenda watoto wao. Nikirudi nyumbani naona mgeni anafika saa nne asubuhi, saa sita amebeba mtoto wetu mgongoni, na hakuna aliyeuliza hata anatoka mji gani. Ndugu wa Kilifi ameniumiza, maana ni kweli.

Kuhusu utamaduni: siku ya kwanza nililala njaa. Mama mwenyeji aliniuliza kama nataka chakula. Mimi kwa adabu za kwetu nikasema hapana asante, nikisubiri aulize mara ya pili na ya tatu. Hawaulizi mara ya pili. Hapana kwao ni hapana. Akafunika sufuria. Jumapili nikawasha mashine ya kufulia, jirani akaja kugonga mlango, kwa sababu Jumapili kwao ni siku ya kimya. Hakuna aliyekuwa mbaya. Nilikuwa sijaambiwa tu.

Ndiyo maana sasa nikikutana na mgeni hapa namweleza mapema: ukikataa ugali mara moja, utaletewa tena. Hatukulazimishi, tunakuonyesha kwamba tumekusudia kweli.

---

#7 Mchangiaji, Kusini Unguja

Assalaam aleikum. Bi mkubwa wa Marangu, shikamoo.

Huku kwetu Makunduchi wageni wanatufikia zaidi mwezi wa Julai kwa ajili ya Mwaka Kogwa. Wanaume hupigana kwa mashina ya migomba wamalize kinyongo cha mwaka, kibanda kinachomwa, wanawake wanaimba. Siku hiyo kila nyumba hupenda iwe na mgeni. Tunaona ni kheri. Kwa hivyo sisi kupokea mgeni hatukufunzwa na kampuni.

Tatizo ni pale mgeni wa siku ile anaporudi kujitolea skuli miezi mitatu akidhani kila siku ni Mwaka Kogwa. Anapita mtaani mapaja wazi, anaingia uani bila ya hodi. Na watu wetu hawasemi. Wanainamisha macho tu, yeye anadhani yote ni mazuri.

Mimi nilimsema mmoja, kwa upole, peke yetu, jikoni. Nikamfunga kanga mbili, moja chini moja juu, nikamwonesha na namna ya kuvua viatu na kupiga hodi mara tatu na kurudi usipojibiwa. Wallahi alishukuru mpaka akaniuliza kwa nini tumemwacha wiki nzima. Ramadhani ikamkuta hapa. Akaamka na sisi daku, akafunga siku alizoziweza, magharibi anakaa na watoto kwenye jamvi, sinia moja, muhogo wa nazi na tambi, anakula upande wake kwa mkono wa kulia. Si Muislamu, na hakuna aliyemtaka awe. Alitaka kujua jioni ile tunaisubiri vipi. Huwezi kuisubiri magharibi ukiwa umeshiba.

Nina suala. Picha mnafanya vipi huko? Huku linatushinda.

---

#8 Mleta uzi

Marahaba mwanangu wa Makunduchi, na wa Same, na wa Kilifi. Nimesoma ya makao ya watoto mara mbili.

La picha nitawapa kisa kimoja. Binti mmoja, mzuri wa tabia, alimpiga picha mjukuu wa jirani yetu akitoka kukata majani ya ng'ombe. Mtoto amevaa nguo za shamba, zimechanika, hana viatu, ana matope. Akaiweka mtandaoni akiomba michango, na maneno kwamba mtoto huyu hana kitu. Shangazi wa mtoto anaishi Uholanzi. Picha ikamfikia, akaituma kwenye kundi la familia la WhatsApp. Babu wa mtoto ni mzee wa kanisa, ana kihamba kizuri, ng'ombe wawili wa maziwa, na wajukuu wake wote wako shule. Alikaa ndani siku mbili hatoki. Aliniambia, "Mwalimu, huyu mtoto ameniomba maji kwangu, akanywa, akaenda kuniuza."

Nilimwita binti nikamweleza taratibu. Alitetemeka. Akafuta picha, akaandika kule kule kwamba alichosema hakikuwa kweli, lakini kwetu hilo halitoshi. Nikampeleka kwenye mpaka wa shamba, nikamkatia jani la sale. Ninyi wa mbali, sale ni ule mmea mrefu wa kijani unaoona tumezungushia vihamba. Ndio unaoonyesha mpaka, na ndio unaobebwa na mtu anayekwenda kuomba msamaha. Mchaga akiletewa sale hakatai. Alitembea nalo kwa mikono miwili hadi kwa mzee, mimi nyuma yake. Nilimfundisha maneno matatu tu, mengine alisema mwenyewe kwa Kiswahili. Mzee alilipokea. Akanyamaza muda mrefu. Kisha akamwambia mkewe alete chai.

Baadaye tuliweka kanuni ya familia tisa: mwezi wa kwanza simu haipigi picha ya mtu. Baada ya hapo uombe ruhusa kwa mzazi, umwonyeshe picha na maneno utakayoyaandika. Wengi wakifika mwezi wa pili hawana tena hamu ya kupiga.

---

#9 Mchangiaji, Rombo

Mama, nakuheshimu sana lakini niseme. Shule ya kwetu ina tanki la maji la lita 10,000 na madarasa mawili, na vyote vimetokana na vikundi vya wiki mbili mbili. Hatukuwasubiri wajue Kiswahili. Tukiweka masharti mengi watakwenda nchi nyingine, na watoto wetu ndio watakaobeba ndoo. Wewe una nyumba nzuri Marangu kwenye njia ya watalii, wanakuja tu. Sisi wa pembeni tufanyeje?

---

#10 Mleta uzi

Mwanangu wa Rombo, una haki ya kusema na nashukuru umesema. Maji ni maji. Sitasimama mbele ya mama aliyepunguziwa ndoo nimwambie tanki lake lina kasoro.

Nikuulize lakini, hayo madarasa matofali aliyapanga nani? Kwetu kikundi cha kwanza walipanga wao, wanafunzi wa miaka 17, na mafundi wetu wanne wamekaa chini ya mparachichi wanaangalia. Mmoja wa mafundi hao nilimfundisha darasa la kwanza. Siku hiyo hakuwa na kazi, na kazi iko mbele ya macho yake anaifanya mtoto asiyejua kushika mwiko. Kikundi kilichofuata, mwenyekiti wa kijiji na mimi tukawaandikia mapema: fedha tunazihitaji, mikono yenu ibebe maji na mchanga, ukuta ajenge fundi na alipwe. Niliogopa kama unavyoogopa wewe, kwamba watakwenda kwingine. Walijibu kwa siku mbili, wamekubali, na wakauliza kwa nini hatukuwaambia wa kwanza. Ukuta uko wima. Fundi alinunua sare za watoto wawili na bati kumi.

Andikeni na ninyi. Serikali ya kijiji ikae, iorodheshe mnachotaka kwa mpangilio, mgeni apewe orodha. Kama hana muda wa kukaa, atoe fedha na abebe mchanga, aimbe na watoto jioni, aondoke na baraka zetu. Wiki mbili zinatosha kubeba mchanga. Kuachiwa darasa, hapana.

---

#11 Mchangiaji, Minnesota

Shikamoo mama. Nimekuwa nasoma kimya kimya tangu asubuhi.

Mimi ni wa Singida, mume wangu wa Tanga, tuko Marekani mwaka wa 22. Binti yetu ana miaka 20, amezaliwa huku. Kiswahili anakisikia ila anajibu kwa Kiingereza. Anasoma uuguzi na anataka kuja kujitolea hospitali Tanzania wakati wa likizo, wiki sita. Ameshapata kampuni mtandaoni, wanamwambia atazalisha akina mama na kushona vidonda. Moyo wangu umekataa lakini sikujua nimweleze vipi. Anasema, "Mama, ni kwenu, kwa nini hutaki niende?"

---

#12 Mleta uzi

Marahaba mwanangu. Moyo wako uko sawa.

Muulize swali moja tu: huko Minnesota, mwaka huu, anaruhusiwa kuzalisha mama peke yake? Kama haruhusiwi huko, mama wa huku naye ana mwili ule ule. Muuguzi hapa husajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga, daktari wa kigeni ana baraza lake na usajili wake wa muda. Mwanafunzi akija, aje kupitia chuo chake na hospitali iliyokubali kwa barua, akae pembeni ya muuguzi wetu, aangalie, apime joto, ashike mkono wa mgonjwa. Kwa mwanafunzi hiyo ni kazi kubwa. Wauguzi wetu wanahudumia wodi nzima kwa vifaa vichache na wana mengi ya kumfundisha.

Karatasi zake msizichezee. Ana pasi ya Marekani, na viza ya utalii haimruhusu kujitolea. Kuna kibali cha ukaazi daraja C kwa watu wa kujitolea, na taasisi inayompokea ndiyo inayokiombea Uhamiaji. Ikiwa kampuni inamwambia aseme uwanja wa ndege kwamba ni mtalii, hapo pamekwisha.

Lakini mimi ningempanga hivi. Wiki sita asizianzie hospitali. Wiki tatu za mwanzo aende Singida kwa bibi yake, kama yu hai, au kwa mama yake mdogo. Akachote maji, akafuate mifugo, akaungue mkono na sufuria ya ugali, akaamkie watu hamsini kwa siku mpaka shikamoo imtoke yenyewe. Wagonjwa wengi watakaokuja mbele yake maishani ni bibi wa namna ile, na hajui bado wanavyosema pale wanapoumwa. Bibi wa kwetu hasemi naumwa tumbo. Anasema mwili hauko sawa, halafu anazungumza habari za mbuzi. Ukikosa subira unamruhusu aende nyumbani na ugonjwa wake.

Wiki tatu zilizobaki aje kwangu bila malipo ya kampuni yoyote, kama mjukuu. Mwezi wa nane kahawa inaiva. Atachuma punje nyekundu na kuacha za kijani, atazungusha mashine ya mkono ya kutoa maganda, atazianika kichanjani. Mkwe wangu anafanya kazi kituo cha afya, atampeleka kwa mganga mfawidhi waongee kama kuna nafasi ya kuangalia kliniki ya watoto. Ikipatikana, vizuri. Isipopatikana, kahawa ipo.

Aje na sweta nzito. Watu wakisikia Afrika wanaleta kaptula, na Agosti hapa usiku tunaota moto.

---

#13 Mchangiaji, Minnesota

Mama, asante. Nimelia kidogo.

Nimemkalisha mezani nikamsomea uzi wote kwa Kiswahili, neno kwa neno, bila kumtafsiria. Imechukua saa mbili. Amenisimamisha mara nyingi. Mfongo amenifanya nimweleze mara mbili, na alipofika kwenye jani la sale amenyamaza kama yule mzee. Kampuni amewaandikia kwamba haendi.

Bibi yake Singida yu hai, ana miaka 83. Tumempigia simu usiku huu. Binti yangu amesema, "Shikamoo bibi," bibi akaitika, kisha wote wawili wakakosa la kuendelea nalo, wakabaki wanacheka tu mpaka salio likaisha upande wa bibi.

Jumamosi tunakwenda duka la Wasomali kutafuta ndizi mbichi. Anataka ajue kumenya kabla hajaja huko, nami nimemwambia tusisahau mafuta ya kupaka mikononi.